Mwanao Achezee Nini? Mtazame Yeye Kabla ya Kulitazama Duka

Iddi moja, miaka kadhaa iliyopita, nilipita madukani hapa Malindi nikanunua magari mawili ya plastiki. Yalikuwa mekundu yote mawili, yenye betri, taa za kumetameta na kelele kama za gari la zimamoto. Moja lilikuwa la mjukuu wangu mkubwa, aliyekuwa na miaka 9, na la pili lilikuwa la nduguye wa miaka 6. Nilichagua yafanane makusudi, ili pasiwe na aliyependelewa. Moyoni nilijiona nimefanya uadilifu mkubwa.

Kabla ya adhuhuri gari la kwanza lilikuwa vipande vipande. Yule mkubwa alichukua kisu cha jikoni, akafungua skrubu moja baada ya moja, akazipanga juu ya mkeka kama mwuza shanga. Nilipomkuta nilimchapa kofi. Hakulia upesi. Alinitazama kwa mshangao, akaniambia, "Babu, nilitaka kumwona anayelia mle ndani."

Yule mdogo hakuliharibu lake, kwa maana hakuweza hata kuliwasha. Mtoto huyu alizaliwa kwa taabu. Mkono wake wa kulia na miguu yake imekakamaa, na madaktari huiita hali hiyo mtindio wa ubongo. Swichi ya gari lile ilikuwa kama punje ya mchele, tena chini ya tumbo la gari. Kila dada yake alipomwashia, gari lilikwenda zake mpaka chini ya kitanda, naye akabaki kulitazama. Wageni walipoanza kubisha hodi kuja kula Iddi, mtoto na gari lake waliondolewa ukumbini wakapelekwa chumba cha nyuma. Hakuna aliyetoa amri. Ndiyo iliyokuwa ada ya nyumba yetu, nami ndimi niliyekuwa mkubwa wa nyumba.

Alasiri ile mama yangu mzazi, aliyekuwa akichagua mchele wa chakula cha usiku, alimfuata mtoto kule nyuma. Aliketi mkekani, akamwekea ungo mapajani, akamimina ndani yake konzi mbili tatu za pojo. Basi. Mtoto alipitisha kiganja juu ya pojo, zikaenda upande huu zikarudi upande ule, zikitoa sauti kama ya mvua juu ya makuti. Hazikumkimbia, kwa kuwa ungo una ukingo. Alicheka kicheko ambacho hatukukisikia tangu asubuhi. Na ule mkono wa kulia, ambao hushinda umekunjwa ngumi, ulifunguka kidogo kidogo ukaingia katika pojo kumfuata mwenziwe.

Huko uani kaka yake alikuwa amekitoa kile kidude kizungukacho ndani ya gari, yaani mota, akakiunga na betri kwa nyaya mbili, akakichomeka kipande cha ukuti. Ikawa pangaboi. Akaileta chumba cha nyuma kumpepea nduguye.

KOSA LILIKUWA LA NANI?

Sikukusimulia habari hii, msomaji, kwa sababu ni ajabu. Nimekusimulia kwa sababu nina yakini kwamba katika nyumba nyingi za pwani yetu, kuanzia Mtwapa na Takaungu hadi Mambrui, mambo ni hayo hayo. Siku ile nilikuwa nimelitazama duka, sikuwatazama watoto. Nilinunua bei, rangi na kelele.

Tangu hapo nimeuliza waalimu, nimesoma na nimetazama, na nililolipata ni jambo moja tu. Kitu cha kuchezea kimfaacho mtoto ni kile kinachomwachia kazi ya kufanya, na kazi hiyo iwe mahala mkono na akili yake inapoweza kufika kwa kujinyosha kidogo. Gari langu lilifanya kila kitu lenyewe: lilikwenda, liliwaka na lilipiga kelele. Mwenye akili nyepesi alilimaliza kwa dakika tano, na kazi pekee iliyosalia ilikuwa kulifungua. Mwenye mkono mzito hakupata hata pa kuanzia.

Huenda ukauliza, vipi tuwataje kwa pumzi moja mtoto mwenye kipawa na mtoto mwenye ulemavu? Serikali yenyewe imewataja hivyo. Sera ya taifa ya elimu ya mahitaji maalumu ya mwaka 2009 iliwaweka wenye vipawa katika orodha moja na wasioona, viziwi, wenye ulemavu wa viungo na wengineo. Na ukifikiri utaona ni haki. Wote hao ni watoto ambao kanzu iliyoshonwa kwa kipimo cha wengi haiwakai: mmoja inambana makwapani, mwingine inamburura chini. Tena wako ambao ni yote mawili. Mtoto asiyeweza kusema anaweza kuwa na akili ya kumshinda baba yake, ila hakupata pa kuionyesha.

MCHEZO SI UPUUZI

Wako miongoni mwetu wanaoona kwamba mchezo ni kupoteza wakati. Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo. Chuoni kwetu, aliyeonekana akichezea kokoto chini ya jamvi alikula bakora. Lakini tukirudi katika hadithi za Mtume, Sala na Amani zimshukie, tutaona mengine.

Imepokewa kwamba Bi Aisha alikuwa na wanasesere wake, na katikati yao alikuwa na farasi aliyetiwa mbawa mbili za vitambaa. Mtume alimwuliza ni kitu gani, kisha akamwuliza juu ya zile mbawa. Bi Aisha akamkumbusha farasi wa Nabii Suleiman, kwamba walikuwa na mbawa. Mtume akacheka. Tuzingatie: hakumnyang'anya wala hakumkemea. Aliuliza, akasikiliza hoja, akafurahi. Hivyo ndivyo azungumzwavyo mtoto mwenye akili. Kuhusu masanamu wanazuoni wana maneno yao, na mwenye shaka na amwulize shekhe wake.

Imepokewa pia kwamba wanawake wa Kiansari walipowafungisha watoto wao siku ya Ashura, waliwatengenezea vitu vya kuchezea kwa sufi, na mtoto alipolia kwa njaa walimpa hicho kikamliwaza hadi magharibi. Vitu hivyo vilitengenezwa nyumbani, na mkono wa mama, kwa haja ya mtoto wa siku ile. Na Abdullahi bin Ummi Maktum, asiyeona, ambaye kwa ajili yake iliteremka Suratu Abasa, alikuwa mmoja wa waadhini wa Mtume. Hakufichwa chumba cha nyuma.

WALIODHARAULIWA NDIO WALIOFUNDISHA

Jambo hili lilijitokeza pia Italia. Mwaka 1900 daktari mmoja mwanamke, Maria Montessori, alikuwa akiongoza shule mjini Roma ya watoto waliosemwa kuwa hawana akili. Alifuata nyayo za madaktari wawili wa Ufaransa, Jean Itard na Édouard Séguin, waliowafundisha watoto kama hao kwa vitu vya kushika. Aliwapa vigogo vya kutumbukiza katika matundu yanayolingana navyo, vifungo vya kufunga na kufungua, na herufi za mbao ambazo mtoto huzipitia kwa kidole. Watoto wale walijifunza mambo ambayo hakuna aliyeyatarajia. Montessori akajiuliza: ikiwa hawa wamefika hapa, wale waitwao wazima wamekawilishwa na nini? Mwaka 1907 alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, na vitu vile vile vikawafaa. Leo shule zenye jina lake zimeenea duniani, na wenye fedha hulipa sana kuwatia watoto wao humo. Wachache hukumbuka kwamba mlango huo ulifunguliwa na watoto waliodharauliwa.

Nasi huku pwani tuna la kujivunia. Katika miaka ya 1980 wazee wa Kiislamu wa Mombasa walihuzunika kuona watoto wao wakiachwa nyuma skuli. Kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan, na chini ya uongozi wa mwalimu Bi Swafiya Said, kilianzishwa Mombasa mwaka 1986 kituo cha kusaidia madrasa za watoto wadogo, ambamo dini na masomo ya skuli yalikwenda pamoja. Kazi hiyo ilifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Waalimu wake walifunzwa kutengeneza vifaa kwa vitu vya mahala walipo. Gharama haikuwa kizuizi, kwa sababu vifuu, kokoto, mbegu na vifuniko vya chupa havina duka.

Basi jaribu hili nyumbani. Chukua kipande cha boksi, andika alifu kwa gundi, nyunyiza mchanga wa pwani, uache ukauke. Kesho yake andika be, kisha te. Asiyeona ataisoma kwa kidole. Anayechanganya herufi ataikumbuka kwa mkono pale macho yanapomdanganya. Na yule mwepesi wa miaka 4 ataanza kuunga maneno kabla hujamwomba.

MTAZAME KWANZA

Kumtazama mtoto si kumtupia jicho ukipita. Keti naye nusu saa bila ya kumpa amri. Tazama ashika kwa vidole au kwa kiganja. Ageuka kwa sauti au kwa kivuli. Aanza mwenyewe au angojea. Achoka baada ya muda gani. Na jambo gani hulirudia. Kitu cha kumpa kitatoka katika majibu hayo.

Hapa jirani yetu Kilifi kuna kituo cha utafiti wa afya kilichoanza mwaka 1989 kwa ushirikiano wa KEMRI na shirika la Wellcome Trust la Uingereza. Watafiti wake wameonyesha kwamba malaria kali inapoingia ubongoni, baadhi ya watoto wanaopona hubaki na kifafa, udhaifu wa kusema au uzito wa kujifunza. Mwaka 2008 watafiti, miongoni mwao Amina Abubakar, walichapisha kipimo cha makuzi ya watoto wadogo kilichopewa jina la Kilifi, na kinachotazama mtoto anavyokwenda na anavyotumia jicho na mkono pamoja. Hakika ni kwamba mtoto anayechelewa hajarogwa wala si adhabu ya wazazi wake, na kuchelewa huko kwaweza kuonekana mapema katika mchezo. Tangu mwaka 1984 Kenya ina vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu, na ofisi ya elimu iliyo karibu nawe itakuelekeza. Usingoje mtoto afike miaka 7.

Ama kwa asiyeona, mpe vitu vyenye sauti, uzito na umbo. Mpira wa matambara ukitiwa njuga ndani yake tayari ni mpira wake. Mwaka 1946 askari waliopofuka vitani huko Ulaya walitungiwa mchezo wa mpira wenye kengele, na tangu mwaka 1976 unachezwa katika michezo ya dunia ya Paralimpiki. Hali kadhalika mpe dhumna. Louis Braille, Mfaransa aliyeumia jicho katika karakana ya baba yake akiwa na miaka 3 kisha akapofuka kabisa, alitangaza mwaka 1829 maandishi ya wasioona, na msingi wake ni nukta 6 katika safu mbili za tatu tatu. Hiyo ndiyo sita ya dhumna wanayoipiga wazee barazani kwetu kila jioni! Mwaka 2020 kampuni ya LEGO ya Denmark ilitoa matofali ya kuchezea yenye nukta hizo. Yakikushinda bei, kata trei ya mayai ubakishe vishimo 6, mpe ndimu 6, naye aanze kuandika.

Ama kwa kiziwi, kosa letu ni kumnunulia chenye kelele ili tumjaribu kama asikia. Mpe kinachoonekana na kinachotetema. Ngoma ataisikia kwa kiganja na kwa kifua akiikumbatia. Tiara ataifuata kwa macho. Lakini zaidi ya yote mpe mchezo wa kuzungumza: wanasesere, duka la mchanga, picha zilizokatwa magazetini. Lugha yake ni ya mikono, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa ni lugha ya kuendelezwa. Jifunze walau maneno 10 yake, kisha mchezee kwayo. Wazazi wa Kilifi wana Shule ya Viziwi ya Kibarani, na hakuna aibu kwenda kuuliza.

Ama kwa mwenye viungo vilivyokakamaa, kama mjukuu wangu, tatizo ni kushika na kitu kukimbia. Nenepesha mpini wa kijiko, kalamu au kayamba kwa kuuzungushia tambara. Funga kitu kwa kamba fupi mkekani ili kikianguka akivute. Tumia sinia na ungo kwa ajili ya ule ukingo. Kabla ya yote mkalishe vyema, kwa sababu mtoto anayeogopa kuanguka hana mikono ya kuchezea. Huko Zimbabwe mwalimu Bevill Packer alibuni ufundi wa kutengeneza viti na meza kwa karatasi kuukuu na maboksi yaliyogandishwa kwa uji wa unga, na viti vya namna hiyo vimewasaidia watoto wengi wa mtindio wa ubongo. Sura ya kiti akupimie mtaalamu wa viungo. Kazi ya kugandisha hata mama wa nyumbani aiweza.

Ama kwa mwenye usonji, ambaye pengine hupanga vifuniko vya chupa mstari mmoja kutwa nzima, usivipangue ukidhani unamponya. Keti kando yake umpe kifuniko kifuatacho. Akikipokea, mmeanza kucheza wawili. Kesho ngoja mpaka akuombe kwa jicho. Taa za kumetameta na kelele za ghafla zaweza kumtesa. Mpe mchanga na maji. Bahari yetu ikitupu asubuhi ni kiwanja ambacho tajiri wa Nairobi hana.

Ama kwa mwenye akili ya kwenda polepole, punguza vipande na urudie. Anza na vifuu viwili vya kuingizana kabla ya vitano. Chagua kwa alifanyalo, usichague kwa umri ulioandikwa juu ya boksi. Lakini usimfedheheshe kijana wa miaka 12 kwa njuga ya mtoto mchanga. Huyo mpe vitu vya watu wazima: apange vikombe, atenganishe karafuu na iliki, apime mchele, auze na kununua. Huo ni mchezo wenye heshima, na kesho utakuwa kazi yake.

NA YULE MWENYE KIPAWA?

Huyu tunamdhulumu kwa njia nyingine. Akifungua kitu tunamwita mharibifu, akiuliza sana tunamwita mjuba, na akihifadhi sura mapema tunamsimamisha mbele ya kila mgeni asome, mpaka anachukia kusoma. Kipawa si mapambo ya ukumbini. Tena hakiko katika vitabu peke yake. Kiko katika mkono unaounda, sikio linaloshika sauti, na mdomo unaotunga vitendawili.

Umpe mchezo usio na mwisho. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na watu hulicheza miaka 50 bila ya kulimaliza. Mtoto wa miaka 6 aanze kwa safu mbili za mashimo katika mchanga, kwa kokoto, ajue kuhesabu na kugawa. Akifika 10 amkalie babu yake. Kwa mtoto asiyeona bao ni hilo hilo, maana mashimo huonekana kwa vidole. Na kwa mkono mzito, chimba mashimo makubwa zaidi utie ndimu. Mchezo mmoja, mkeka mmoja, nao wote wanacheza.

Mwachie pia aunde. Kizazi changu kiliunda gari la waya lenye magurudumu ya champali kuukuu, tiara ya karatasi na njiti za ukuti, na mashua ya kumbi yenye tanga la kitambaa. Katika tiara moja mna hesabu, upepo, urari na subira. Mtoto akikuuliza kwa nini tiara bila ya mkia hupinduka, usimjibu upesi. Mwambie akate mkia atazame. Na umpatie wenziwe, kwa kuwa upweke ndio ugonjwa wa wenye akili nyingi.

TAHADHARI

Sasa tuseme ya hatari, na naomba yasomwe mara mbili. Viwanda hukataza kwa watoto walio chini ya miaka 3 kitu kinachopenya katika tundu lenye upana wa sentimita 3 na kidogo, kwani chaweza kuziba koo. Kete za bao, gololi, na hata zile pojo za mama yangu zimo katika hatari hiyo. Na mtoto mwenye mahitaji maalumu huenda akatia vitu kinywani hata akiwa na miaka 8 au 10. Mama yangu hakuondoka mkekani mpaka ungo ulipotolewa.

Kayamba za huku kwetu aghalabu hutiwa mbegu nyekundu zenye jicho jeusi, matipitipi. Mbegu hizo zikitafunwa ni sumu ya kuua. Kayamba ya mtoto itie mtama. Mbegu za mbono nazo zina sumu, usimpe kuchezea. Betri bapa mfano wa kifungo ikimezwa huunguza koo kwa muda mfupi. Usingoje wala usimpe dawa ya kienyeji: mkimbize hospitali saa hiyo hiyo. Kamba ndefu isikae shingoni, bati lisiwe na makali, na mfuko wa plastiki si wa kuchezea.

Na simu je? Siku hizi ndiyo yaya wa nyumba nyingi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya kioo chochote cha namna hiyo, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku. Nakiri simu yaweza kumsaidia asiyesema apate sauti, na kwa haja hiyo ni chombo cha kheri. Lakini simu anayopewa mtoto ili anyamaze ni gari langu jekundu tena: hufanya kila kitu yenyewe.

GHARAMA YA KWELI

Utaona, msomaji, kwamba katika niliyoyataja ni machache yanayotaka fedha. Gharama ya kweli ni kuketi. Ungo ulikuwepo nyumbani kwetu miaka yote, na pojo zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mzima aliye tayari kushuka kwenye kiti akakaa mkekani na mtoto ambaye hakutarajiwa lolote.

Iddi iliyofuata sikuingia dukani kutafuta vitu viwili vinavyofanana. Yule mkubwa nilimnunulia bisibisi, na kwa fundi redio nikamwombea redio mbovu isiyo na umeme. Kabla ya kumpa nilimwomba radhi kwa lile kofi. Alisema amekwisha kulisahau, nami nilijua hakulisahau. Mpaka leo anafungua vitu vya watu, na si vyote vinavyorudi kama vilivyokuwa. Tunastahamili.

Yule mdogo nilimtengenezea sinia lenye ukingo, nikampangia ndani ndimu, vifuu na njuga kubwa. Wageni walipobisha hodi, tulimwacha pale pale ukumbini, juu ya mkeka, mbele ya mlango. Mzee mmoja aliyeingia alisita, hajui apite wapi wala aseme nini. Mtoto akamsukumia sinia. Mzee alivua viatu, akaketi, akamrudishia ndimu moja. Walikaa hivyo mpaka chakula kilipotengwa.

Na kwa kuwa mimi ni mtu wa shairi, niruhusu nifunge kwa ubeti mmoja:

Usilitazame duka, mtazame mwana kwanza,
Apendalo kulishika, ndilo hilo la kutunza,
Akivunja sije waka, huenda anajifunza,
Mkekani ukishuka, ndipo mchezo waanza.